Niliwaandika "Gelzi" Ubaoni, Sasa Nakunja Mashuka kwa Kidevu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba pia usinicheke, ingawa dada yangu, ambaye ndiye mtu pekee niliyemweleza jambo hili, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka jana, na tangu utoto ni mtu wa aibu, yaani hata darasani nikiitwa jina nilikuwa nasimama mimi na sauti inabaki kwenye kiti. Miezi miwili iliyopita mama yangu mkubwa alinitafutia kazi ya majaribio pale anapofanya kazi yeye, kwenye dobi kubwa linalofua mashuka, taulo na foronya za hoteli na zahanati, na mimi nimewekwa kwenye meza ndefu ya kukunjia pamoja na akina mama sita, yeye akiwa mmoja wao.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe ili unielewe vizuri. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika watu wawili, kila mtu pembe zake mbili, mnalivuta mpaka lilie pa!, halafu mnatembea kuelekeana, mnakutanisha mikono, mmoja anaachia na mwingine anapokea, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Ukifanya hivyo siku nzima na mtu mmoja unajua pumzi yake, unajua goti lipi linamuuma na asubuhi aligombana na nani. Ndiyo maana akina mama wale wanajuana kuliko ndugu.

Na wao kwa wao wanaitana "gelzi". Ni lile neno la Kiingereza la wasichana, nadhani unalijua. Mdogo wao ana miaka arobaini na saba, na mkubwa wao amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kila asubuhi, mashine zikiwa bado hazijapata moto, mama mkubwa wangu, ambaye pale kazini wanamwita Madoa kwa sababu hakuna doa lililowahi kumshinda, iwe wino, kutu au rangi ya midomo, anapiga kofi mezani na kuita, "Gelzi!" Wote wanaitika, "Beee!" Anauliza, "Migongo imekuja?" Wanajibu, "Imekuja!" Anauliza, "Na magoti?" Wanajibu kwa pamoja, "Yako njiani, yamepanda gari la nyuma!" Halafu wanacheka kama hawajawahi kuisikia, na kazi inaanza. Mshauri, mimi nilikuwa nafika kazini mapema kwa ajili ya dakika hiyo moja tu.

Shida yangu ilikuwa sijui kama na mimi nimo. Nikiingia ninasema shikamoo mara sita, moja kwa kila mmoja, nao wananijibu "Marahaba mwanangu" mara sita, na baada ya hapo wanageukiana na kuwa gelzi. Siku ya kwanza ilipoitwa "Gelzi, chai!" nilibaki nimekaa na foronya mkononi, nikijiambia siwezi kuinuka kwa jina ambalo sijapewa. Mama Pacha, yule anayesimamia rola, ile pasi ndefu inayozunguka, akageukia mlangoni akaniambia, "We mtoto, mbona umekakamaa hivyo? Umetiwa wanga kama kola?" Kesho yake nikasema sirudii kosa, ikaitwa "Gelzi, chai!" nikawa wa kwanza kusimama, nao wote wakanitazama, Mama Pacha akasema, "Haya, na huyu naye!" wakaangua kicheko, na mimi nikakaa tena nikajifanya kiatu kimefunguka kamba, wakati nilikuwa nimevaa ndala. Kwa hiyo ukitazama vizuri, ndani ya chumba kile msichana ni mmoja tu, na ndiye huyo huyo asiyejua kama anahesabiwa msichana.

Sasa lilivyotokea ni hivi. Meneja wetu ni mtoto wa mwenye dobi, ana miaka ishirini na sita, ni mtu mwema, hapigi kelele, na siku zote alikuwa akiwaita akina mama wale "mama zangu". Siku moja akaniambia, "Wewe si ndiyo kwanza umetoka shule? Mwandiko wako bado haujaharibika. Niandikie upya ubao wa zamu." Ubao wa zamani ulikuwa na kichwa cha habari "Akina Mama wa Kukunja", umeliwa na mvuke mpaka umebaki "Akina Ma". Nilibaki saa nzima baada ya kazi, nikachukua kalamu ya wino mzito wa rangi ya waridi, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, nikaandika GELZI, nikachora ua kila pembe, nikaandika majina yao sita, na chini yao, kwa herufi ndogo kidogo, nikaandika langu. Nilirudi nyumbani nikitabasamu njia nzima. Niliwaza watacheka, watasema huyu mtoto kumbe ana mambo, na asubuhi tukiitwa nitaitika "Beee!" bila kuuliza mtu.

Asubuhi meneja alitangulia kuuona. Akausoma, akacheka, akasema kwa sauti, "Kumbe tuna gelzi humu ndani na mimi sijaambiwa! Haya gelzi, changamkeni, mashuka ya hoteli saa nne yawe kwenye gari!" Akapiga makofi mawili, hivi, kama mtu anayefukuza kuku. Mshauri, hakuna aliyecheka. Mama Pacha alikuwa ameshika upande wa pili wa shuka langu, akaulaza mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akaenda zake kwenye rola. Mama mkubwa alinitazama mara moja tu, na mimi nikatamani mashine ya kukaushia inimeze.

Tangu siku hiyo meneja hawaiti tena "mama zangu". Ni gelzi hiki, gelzi kile, gelzi mmechelewa. Na wao wenyewe hawaitani tena hivyo, hata mara moja. Asubuhi mama mkubwa anavaa aproni yake kimya kimya, migongo haiulizwi, magoti hayaulizwi, kazi inaanza tu. Mimi hawanigombezi, heri wangenigombeza. Nikisema shikamoo wananijibu "Marahaba", wanaishia hapo, lile "mwanangu" limeondoka. Na shuka likitoka kwenye rola kila mmoja anakuwa ameshapata mwenzake, kwa hiyo mimi nakunja peke yangu, nabana katikati kwa kidevu, nanyoosha mikono mpaka mabega yanauma, na bado yangu yanatoka yamepinda kama barua iliyosomwa na watu wengi.

Nilijaribu kuufuta ubao. Nilitumia sabuni, nikatumia dawa ya kung'arishia, nikasugua mpaka maua yakatoka lakini neno lenyewe likabaki, limefifia tu, kama linanisengenya. Mama mkubwa alinikuta nasugua. Nikadhani atanisaidia, maana yeye ni Madoa. Akasimama, akatazama, akasema, "Doa hilo haliko hapo unaposugua," akaondoka. Nyumbani, maana naishi kwake, ananipa chakula na ananiuliza kama nimeshiba, lakini ananiita kwa jina langu kamili, lile la kwenye cheti.

Na bado sijafika kwenye baya lenyewe. Wiki iliyopita meneja aliniita ofisini akiwa na furaha, akaniambia amefikiria jambo la kuwapa moyo wafanyakazi, ameagiza aproni saba mpya, nzuri, za kitambaa kizito, na mgongoni zote zitaandikwa neno lile, kwa rangi ileile ya waridi. "Wewe ndiye uliyenipa wazo," akasema, "ila usiwaambie, nataka niwashtukize." Akanituma nichunguze saizi zao kwa hila, na mimi, kwa kuwa sijui kukataa, nikazichunguza. Zitafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ijumaa hiyo hiyo ndiyo miezi mitatu yangu ya majaribio inakwisha na yeye ndiye anayeamua kama nabaki.

Nikiwaambia akina mama, nimevunja siri ya meneja na huenda kazi ikaenda. Nikinyamaza, Ijumaa mama mkubwa, mtu aliyenilea nusu ya maisha yangu, atavalishwa mgongoni jina lake mwenyewe kama namba ya mfungwa, na watajua saizi zilitoka wapi. Nifanye nini? Na naona aibu kuuliza hili lakini nauliza: je, iko siku na mimi nitakuwa gelzi, au mpaka nifike miaka arobaini na saba?

Naomba usitaje jina langu. Niite tu,
Mkunja Peke Yake

MSHAURI ANAJIBU

Mkunja Peke Yake, pole, halafu samahani. Pole ni ya kidevu. Samahani ni kwa sababu uliniomba nisicheke, na pale kwenye kamba za ndala nilishindwa. Sasa nimeshafuta macho, tuzungumze.

Hapa kwenye chumba chetu cha habari tuko wanawake watatu, na miaka yetu ukiijumlisha inakaribia mia na sabini. Mimi na wenzangu tunaitana kwa neno hilohilo. Mhariri wetu analisikia kila siku kupitia ukuta wa mbao, na hajawahi kulitumia hata mara moja, ndiyo maana bado anapewa chai. Kwa hiyo umeuliza mahali penyewe.

Fikiri kidogo, mwanangu. Mama Pacha akitoka kwake asubuhi ameshakuwa mama wa watu, mke wa mtu, mkwe wa mtu, shangazi wa mtu. Kila anayemwita kwa majina hayo ana haja: mama nipe, bibi niletee, shangazi nisaidie. Ni majina ya heshima, anayapenda, lakini ni mizigo. Pale kwenye meza yenu ya kukunjia, kabla mashine hazijapata moto, anaitwa jina moja lisilomwomba kitu. Kwa dakika hiyo si mama wa mtu. Ana mgongo na magoti tu, na wenzake wa kuyacheka. Umri haumo humo, na umbo la mtu halimo. Neno hilo ni benchi, na benchi lao wamelichonga wenyewe kwa miaka mingi.

Wewe umelichukua benchi hilo ukaliweka barabarani. Hapo ndipo ninapokugombeza. Hukuwa na nia mbaya, najua, ulitaka kuhesabiwa. Lakini ulichoka kusubiri ukajihesabu mwenyewe, kwa wino usiofutika, tena na maua. Na ubao wa zamu ni mali ya bosi, kilichoandikwa pale hata bosi ana haki ya kukisoma kwa sauti. Jana kijana yule alisema "mama zangu" na alilazimika kuwaomba. Leo anasema "gelzi" na anawapigia makofi. Neno ni lile lile, mdomo umebadilika, na mdomo wenye mamlaka ukilishika jina la utani linageuka kuwa amri. Ndiyo maana wamelizika, maana hakuna anayeweza kuitika "Beee!" kwa jina ambalo sasa linamharakisha.

Hata hivyo usimchukie meneja. Amefanya kosa lako wewe, ila yeye ana pesa ya kulichapisha kwenye aproni. Naye aliwasikia wakicheka, naye alitaka kuingia, akaona mlango uko wazi akadhani amekaribishwa. Nyinyi wawili ni watoto mliochungulia dirisha moja.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii. Kwanza nenda ofisini asubuhi, kabla aibu yako haijaamka. Usimsubirie akuite. Mwambie: "Meneja, jina lile nililiandika mimi bila kuwauliza wenyewe. Wao wanaitana hivyo wakiwa peke yao, na wakiitwa na mtu mwingine linawauma. Naomba uwaite kama ulivyokuwa ukiwaita, na aproni zisiandikwe kitu." Kama sauti itabaki kwenye kiti, mwandikie, kuandika unakuweza, barua yako imenifikisha mpaka mwisho bila kupumua. Mwambie pia kuwa leo jioni utamweleza mama yako mkubwa. Hivyo hutakuwa umevunja siri nyuma ya mgongo wake, umeirudisha mkononi mwake. Unaogopa atakufukuza? Mwanamume anayeagiza kitambaa kizito ili kuwafurahisha wafanyakazi hataki kuwaona wamenuna. Atakushukuru, labda si siku hiyohiyo. Na akikufukuza, heri utoke na uso wako kuliko kubaki ukitazama migongo ile sita kila siku.

Pili, jioni, nyumbani, mweleze mama mkubwa kila kitu. Yote, na saizi za aproni zimo, na lile la kujiandika mwisho kwa herufi ndogo usiliruke, maana nadhani hilo ndilo litakalomlainisha. Usimletee maelezo marefu ya nia yako. Alikuambia doa haliko ubaoni, na mtu asiyejali doa hakuonyeshi lilipo. Ndipo uwaombe radhi wote, wakati wa chai, ukiwa umesimama, sentensi mbili ukae. Na neno lenyewe usilitaje hata kwenye kuomba radhi. Sema "jina lenu". Wataelewa kwamba umeelewa. Kuhusu ubao, acha kusugua. Omba ubao mpya, uandike "Akina Mama wa Kukunja", herufi nzuri, na maua nakuruhusu.

Watarudi kuitana? Watarudi. Asubuhi moja Madoa atapiga kofi mezani akijisahau, na magoti yatafika na gari la nyuma. Siku hiyo usiitike. Cheka tu na wengine.

Na swali lako la mwisho, lile la aibu. Nimelisoma mara mbili, halafu nikarudi juu kwenye barua nikamtafuta Mama Pacha. Ulipoganda na foronya yako, ni nani aliyegeukia mlangoni? Watu hawamuulizi aliye nje kwa nini haji kunywa chai. Na ulipoinuka wa kwanza akasema "Haya, na huyu naye!" wewe ulisikia kicheko cha kukutoa. Mimi nasikia mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine akae. Ukakaa chini kufunga kamba ambazo hazikuwepo. Mwanangu, walikuwa wameshakuhesabu kabla hujashika kalamu, ila waliendelea kukuita mwanangu, na humo pia ni ndani. Huenda siku moja watakupa jina lao, huenda watakupa lako mwenyewe, na kwa jinsi ninavyowajua wanawake wa aina hiyo, nakuonya kwamba litahusu wanga.

Kwa hiyo acha kidevu chako kipumzike. Keshokutwa, ukishamaliza kusema uliyo nayo, shuka likitoka kwenye rola na Mama Pacha amelishika upande mmoja, usingoje kujua wewe ni nani humo chumbani. Nenda ukashike upande wa pili. Shuka lina pembe nne, na hata gelzi mzoefu ana mikono miwili tu.